Kazi ya Kusimamia Mirathi: Je, Yatufaa Sisi Vijana?

Kila mwaka, mtihani wa taifa unapokaribia, swali lile lile huzuka mabwenini: ukimaliza hapa utafanya kazi gani? Wenzangu wengi hujibu upesi. Huyu atakuwa daktari, yule mhandisi, wa tatu ataingia benki, na wawili watatu husema wataingia seminari. Mimi nimejibu mara mbili sasa kwamba nafikiri kuwa msimamizi wa mirathi, na mara zote mbili wamecheka, wakaniuliza kama hiyo ni kazi au ni msiba. Kwa kuwa swali lao si la kipumbavu, nimeona vema nilijibu kwa maandishi katika kurasa zetu za Kiswahili, ili na kaka zetu waliotutangulia, ambao baadhi yao ni mawakili na watu wa benki, wapate kunisahihisha.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mtu akifa huacha vitu vya namna mbili, mali na madeni. Hivyo viwili pamoja ndivyo mirathi, wala si mali peke yake kama wengi wanavyodhani. Yule anayekusanya mali, kulipa madeni, kisha kugawa kinachobaki, ndiye msimamizi wa mirathi. Kama marehemu mwenyewe alimtaja katika wasia wake, huitwa wasii. Kama hakumtaja, ukoo humchagua na mahakama humthibitisha. Basi mtu huyu si lazima awe mrithi, na hata akiwa mrithi hapati zaidi kwa sababu ya usimamizi wake. Mali imo mikononi mwake lakini si yake. Ugomvi mwingi niliousikia hapa Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi Kanyosha, huanza pale ambapo msimamizi au watu wanaomzunguka wamelisahau neno hilo moja.

Sasa tazameni kazi yenyewe ilivyo. Watu wakisikia mirathi hufikiri kugawa, kumbe kugawa ni kazi ya siku moja, na huwa ya mwisho. Kazi ya miezi ni kuhesabu. Msimamizi huanza kwa kuandika orodha ya kila kitu: nyumba, shamba, fedha za benki, bidhaa za dukani, baiskeli, cherehani, hata ng'ombe aliyewekwa kwa jirani. Kisha hutenga mali ya mjane, maana kitanda alichokinunua mke kwa fedha ya mandazi yake si mali ya marehemu, hata kama marehemu alilala juu yake miaka ishirini. Kisha huwatafuta wanaodaiwa na marehemu, na wale wanaomdai. Hawa wa pili hujitokeza wenyewe; wa kwanza hujificha.

Wenzetu wa Tanzania wameyaweka mambo haya katika utaratibu mzuri. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu huweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akisha teuliwa huleta mahakamani karatasi mbili: ya kwanza, ndani ya miezi minne, ni orodha ya mali na madeni; ya pili, kwa muda unaopangwa na mahakama, ni hesabu ya namna alivyokusanya, alivyolipa na alivyogawa. Kanuni hizo ni za mwaka 1971, nazo zinamtaka mtu aseme kwa wino alichokikuta na alichokifanya. Asiyeleta hesabu huweza kuondolewa, akawekwa mwingine.

Nitatoa mfano mmoja wa hesabu, kwa kuwa somo bila hesabu ni hadithi. Tuseme mfanyabiashara wa vitenge amefariki, Mwislamu, ameacha mjane mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Nyumba tuiache kando kwanza. Zipo fedha faranga 5,200,000, vitenge vya 4,300,000, na wateja wanadaiwa 1,500,000 ambazo zinaweza kulipwa. Jumla ni faranga 11,000,000. Wajomba wakiwa na haraka watagawa jumla hiyo, na mjane, ambaye kwa sheria ya Kiislamu ana fungu la nane kwa kuwa marehemu ameacha watoto, atapewa 1,375,000. Wiki mbili baadaye atakuja mwenye duka la jumla na karatasi yake, anadai 2,000,000. Ipo kodi ya kibanda na umeme, 400,000. Na gharama za mazishi zilikuwa 600,000, ambazo shemeji alizitoa mfukoni mwake akiahidiwa kurudishiwa. Jumla ya vyote hivyo ni 3,000,000. Nani atairudisha? Mwana mkubwa amekwisha nunua pikipiki.

Msimamizi anayeijua kazi yake hulipa kwanza. Dawa ya deni ni kulipa, na kifo hakibadili dawa hiyo. Hubaki 8,000,000. Mjane hupata fungu la nane, yaani 1,000,000. Zilizobaki ni 7,000,000. Kila mwana huhesabiwa mafungu mawili na kila binti fungu moja, nayo ni mafungu saba. Basi kila binti apata 1,000,000 na kila mwana 2,000,000. Ukizijumlisha utaona hakuna faranga hata moja iliyopotea njiani. Wazee wa Buyenzi wanaojua hesabu hii huifanya kwa kichwa, nami nakiri kwamba inafurahisha kama fumbo la hisabati.

Lakini hesabu hiyo hiyo hubadilika ukivuka mpaka. Nchini Uganda sheria ya urithi ilirekebishwa mwaka 2022, na kwa mtu aliyekufa bila wasia mwenzi aliyebaki hupata asilimia 20, watoto asilimia 75 sawa kwa sawa, ndugu waliokuwa wakimtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Kwa mfano wetu mjane angepata 1,600,000, na kila mtoto, wa kiume au wa kike, 1,200,000. Ng'ambo ya ziwa letu, kule Uvira, hufuatwa sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, ambayo huwapa watoto robo tatu. Robo iliyobaki huenda kwa mwenzi, wazazi na ndugu za marehemu. Rwanda, ambao mila zao na zetu ni ndugu wa toka nitoke, waliandika sheria mwaka 1999 iliyowapa watoto wa kike haki sawa na wa kiume, wakaiandika upya mwaka 2016. Kenya wana sheria yao iliyopitishwa 1972, ikaanza kutumika 1981.

Na sisi? Burundi ilipata uhuru 1962, tukaandika sheria za familia, tukaandika sheria za ardhi, ya mwisho mwaka 2011, lakini tukaishi miongo mingi bila sheria iliyoandikwa ya mirathi. Mswada wake umezungumzwa tangu kabla sijazaliwa. Penye pengo hilo ndipo mila inapokaa. Kwa mila, shamba la ukoo, ndilo itongo, hugawanywa kwa wana wa kiume. Binti huhesabiwa kwamba ataolewa kwingine. Akikumbukwa hupewa igiseke, kipande cha kulima na kula, lakini si cha kuuza, na baada yake hurudi kwa kaka zake. Katiba yetu ya 2018, kama ile ya 2005 kabla yake, yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kuwa mwanamke. Hakimu hujikuta kati ya katiba na mila, na kesi mbili zinazofanana huweza kuamuliwa mbalimbali, kila hakimu kwa namna alivyoelewa.

Jambo hili si dogo katika nchi yenye kilomita za mraba 27,834, ambayo hesabu ya watu ya 2008 ilikuta ndani yake watu milioni 8 na zaidi, na tangu hapo wameongezeka. Itongo la babu likigawanywa kwa wana wanne, na kila mmoja wao akagawia wanne wake, mjukuu hupata mahali pa kusimama tu. Ongezeni hapo waliokimbia mwaka 1972 na 1993, waliorudi wakakuta wengine wanalima. Tume ya Ardhi na Mali Nyinginezo iliundwa 2006 kwa ajili ya mashauri hayo, nayo ilikutana na maswali ambayo kwa kweli ni ya mirathi: shamba lilikuwa la nani, naye alifia wapi, na waliobaki ni akina nani? Mzee aliyefia Ulyankulu, huko Tabora, akiwa ameacha michikichi Rumonge na kibanda Tanzania, ameacha mirathi moja katika nchi mbili. Hakuna wa kuihesabu ila mtu mwenye subira na kalamu.

Hapa yafaa niseme kwa nini mimi nimevutwa na kazi hii. Baba yangu alifariki mwaka 2019. Alikuwa akinunua mawese Rumonge na kuyauza hapa mjini. Baraza la ukoo lilimchagua baba mdogo asimamie mali, mtu asiyesoma kupita darasa la sita. Alinunua daftari la shule, akalipiga mistari mitatu. Upande wa kushoto aliandika kilichoingia, upande wa kulia kilichotoka, na katika mstari wa tatu jina la aliyeshuhudia. Ilipofika siku ya kuganduka, ndiyo siku ya kuondoa tanga, ambapo kwa desturi yetu madeni na mali hutajwa mbele ya watu, alisimama akasoma ukurasa kwa ukurasa. Shangazi alimkatiza.

“Hizo 240,000 za mapipa, mbona sikuyaona mapipa hayo?”

“Shangazi wa watoto, mapipa yaliuzwa mwezi wa tatu. Karatasi ya mnunuzi hii hapa, na shahidi ni mume wako.”

Watu wakamgeukia mume wa shangazi, naye akaitikia kwa kichwa. Shangazi akasema, “Haya, soma.” Baba mdogo akaendelea kusoma. Nimekwisha hudhuria mitanga mingine ya majirani ambayo iliishia kwa polisi, na sikuona kwamba watu wale walikuwa wabaya kuliko sisi. Hawakuwa na daftari.

Hata hivyo daftari halikumaliza kila kitu. Liko shamba la michikichi ambalo baba mdogo ametutunzia, na karo yangu imetoka humo. Amesema atatukabidhi nikimaliza shule, yaani mwaka huu. Tuko watatu: dada yangu, ambaye ni mkubwa wetu, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Wazee wanasema shamba ni la wavulana wawili, na dada apewe igiseke ya michikichi michache. Mdogo wangu anawaunga mkono. Asema shamba halitoshi watatu, na dada ataolewa apate la mumewe. Mimi nimewaambia kwamba nataka mafungu matatu yaliyo sawa, yaandikwe mbele ya bashingantahe na kupelekwa ofisi ya ardhi ya komini, ambako sheria ya 2011 inaruhusu kupata cheti. Sababu yangu ni nyepesi. Baba alipougua, dada ndiye aliyeacha masomo mwaka mzima akauza mawese sokoni ili deni la hospitali lisizidi. Kama angekuwa mtu wa nje, daftari lingemwandika miongoni mwa wanaotudai. Hakuna sheria iliyoandikwa inayonilazimisha kugawa sawa, lakini pia sijaona inayonizuia. Mdogo wangu hajakubali bado, nasi tunazungumza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya vijana wa shule. Basi wasikilize habari ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya wa upande wa Bukoba, ambako si mbali sana na kwetu. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wasia. Mwaka 1988 alikuwa mzee, hana wa kumtunza, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake wa kiume, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba mauzo ni batili, kwa kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Nimeona faida mbili katika shauri hilo. Ya kwanza wote huitaja, ni usawa. Ya pili haitajwi sana: mzee yule wa Bukoba aliandika wasia. Bila karatasi ile, binti yake angeanza kwa kubishania shamba lenyewe kabla ya kufika kwenye swali la kuliuza.

Wala tusidhani kwamba wasomi huandika. S. M. Otieno wa Nairobi alikuwa wakili mashuhuri. Alikufa Desemba 1986 bila kuacha wasia wa maandishi, na mjane wake na ukoo wake wakashindana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, hata maiti ikakaa bila kuzikwa mpaka Mei 1987. Mtu aliyewashauri wengine juu ya sheria hakuacha mstari mmoja. Nami nimewauliza walimu wetu wanne kama wameandika wasia. Mmoja alicheka, wawili wakasema wangali vijana, wa nne akaniuliza kama namtakia mabaya.

Sasa nirudi kwenye swali la wenzangu: je, ni kazi? Katika nchi za jirani ni kazi yenye ofisi na mshahara. Tanzania Bara yuko Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye husimamia mirathi isiyo na wa kuisimamia, na ofisi yake sasa imo ndani ya RITA, wakala ulioanza kazi 2006, ule ule unaosajili vizazi na vifo; huko mtu huweza pia kuandika wasia wake na kuuhifadhi. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayoshughulika na mirathi ya Waislamu pamoja na mali ya wakfu. Kenya na Uganda nao wana ofisi za serikali za namna hiyo. Kwetu Burundi hutapata kibao mlangoni kinachosema “msimamizi wa mirathi”. Kazi imegawanyika: sehemu iko kwa noteri, sehemu kwa wakili, sehemu kwa karani wa mahakama, sehemu benki, na iliyo kubwa kuliko zote iko kwa baba wadogo wenye madaftari, ambao ujira wao ni shukrani na, wakibahatika, kreti ya bia.

Kwa hiyo anayeitaka kazi hii hapa nchini yampasa aingie kwa mlango mwingine. Nimefikiri juu ya milango miwili. Wa kwanza ni kusoma sheria Chuo Kikuu cha Burundi, kisha unoteri au uwakili. Ni njia ndefu, lakini humpa mtu sauti mbele ya hakimu. Wa pili ni uhasibu, ambao ni mfupi zaidi, na kwa maoni yangu ndio ulio karibu na moyo wa kazi yenyewe, maana nimekwisha sema kwamba usimamizi ni kuhesabu. Wakili asiyejua kusoma daftari la duka atadanganywa na karani wa duka. Nimeelekea kuchagua sheria, huku nikijifunza uhasibu jioni. Sijui kama ada itaruhusu vyote viwili. Hiyo nayo ni hesabu ya michikichi.

Kiswahili kitasaidia kuliko tunavyodhani. Warithi wa mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura huweza kuwa Uvira, Kigoma na Kigali, na barua ya Kifaransa haitasomwa na wote. Fomu za Mahakama ya Mwanzo ya Kigoma ni za Kiswahili.

Ziko pia sababu za kuikataa kazi hii, nami sitazificha. Msimamizi hukutana na watu katika siku zao mbaya. Atashukiwa hata akiwa mwadilifu, na pengine atarogewa, au ataambiwa amerogewa, jambo ambalo huchosha sawasawa. Atajua siri za nyumba: watoto wa nje, mikopo ya siri, nyumba ndogo yenye risiti. Asiyeweza kufunga mdomo asiikaribie. Na atashawishiwa, kwa sababu fedha za watu hukaa mikononi mwake miezi mingi, nao wenyewe hawajui ni kiasi gani. Baba mdogo aliweka fedha zetu katika akaunti ya peke yake kwenye ushirika wa akiba, hakuzichanganya na zake hata siku moja. Nilipomuuliza sababu alisema, “Mwanangu, nilikuwa najiogopa mwenyewe.”

Wenzangu ambao hamtaki kazi hii lakini mna wazazi, liko jambo dogo la kufanya likizo hii. Mwombeni baba au mama aorodheshe katika ukurasa mmoja anamdai nani, anadaiwa na nani, na karatasi za kiwanja ziko wapi. Afanye nakala mbili, zikae mahali pawili. Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Aliyekuwa ameweka daftari lake la madeni kibandani pamoja na bidhaa, akaunguliwa na vyote, alibaki na kumbukumbu ya kichwani, nayo kumbukumbu huzikwa na mwenyewe. Msimwambie mzee kwamba mnataka kujua atakachoacha. Mwambieni mnataka kujua mtakacholipa. Nimejaribu maneno hayo kwa bibi yangu, akaandika bila kununa.

Kwa kaka zetu wa zamani nina maswali matatu, na mhariri amekubali kupokea majibu kwa ajili ya toleo lijalo. Mtu aliyemaliza sheria hukaa muda gani chini ya noteri kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi mwenyewe? Je, benki zenu huwataka warithi walete karatasi gani kabla ya kufungua akaunti ya marehemu? Na kuna yeyote kati yenu aliyewahi kumwandikia dada yake fungu sawa katika itongo, na ofisi ya komini ikalipokea? Swali hili la tatu nalihitaji kabla ya mwezi wa saba.